Inchi Moja ya Mbona

Mbona alirudi nyumbani likizo fupi ya muhula wa kwanza, akamaliza siku nzima hajauliza kitu.

Mama yake ndiye aliyeligundua jambo hilo. Alikuwa anashona vifungo katika chumba cha mbele, kile ambacho nyumba nzima hukiita kiwanda, akahisi kuna kitu kimepungua. Ilikuwa kama saa ya ukutani: inapotembea huisikii, unaisikia inapoacha. Cherehani ya mumewe ilikuwa inakwenda. Pasi ilikuwa inatoa mvuke mezani. Binti yao alikuwa ameketi palepale alipoketi utoto wake wote, kwenye kigoda kilicho kati ya meza ya kukatia na dirisha, anatazama mikono ya baba yake. Ila mdomo ulikuwa umefungwa.

"Mwanao anaumwa?" mama akanong'ona.

"Anaumwa nini na amekula sahani mbili?"

"Tangu asubuhi hajaniuliza chochote."

Fundi aliondoa mguu kwenye kanyagio. Akamtazama bintiye kwa juu ya miwani, kama anavyokitazama kitambaa asichojua kimetoka wapi.

"Labda yameisha," akasema. "Si tumempeleka chuo kikuu? Huko wanajibu yote."

Akarudi kushona. Lakini alishona polepole, na mkewe aliona.

Jina la Mbona si la cheti. La cheti lipo, na likiitwa darasani yeye mwenyewe huchelewa kuitika. Hili alilipata kabla hajaota meno yote, kwa sababu neno hilo ndilo lililotangulia mdomoni mwake, mbele ya maji na mbele ya mama. Mbona mvua haipandi. Mbona kivuli cha shangazi ni kirefu kuliko shangazi. Kuuliza si ujinga, husema watu ambao hawajawahi kukaa na Mbona siku ya kufua.

Swali lake kubwa la utotoni lilikuwa chini ya cherehani. Alikuwa akilala sakafuni, macho juu, kujaribu kuona uzi wa chini unakutanaje na uzi wa juu. Sindano inatoboa, inarudi, na huku nyuma nyuzi mbili zisizofahamiana zimeshikana mikono. Fundi alimwonyesha kibobini, kile kidude kinachobeba uzi wa chini, akamzungushia gurudumu kwa mkono pole pole, akamwambia tazama. Alitazama hadi shingo ikakakamaa. Alisema ameona. Usiku akamwambia mama yake kwamba ameona, lakini hajaelewa alichokiona.

Kompyuta aliikuta katika duka la kupiga chapa, mlango wa tatu kutoka kwao. Alitumwa kwenda kuchapisha bei za nguo. Mwenye duka alibonyeza kitufe, herufi ikatokea kwenye kioo.

"Imejuaje?" Mbona akauliza.

"Imejua tu."

Hilo "tu" lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Hakulala nalo vizuri. Wiki hiyohiyo alifungua kikokotoo cha baba yake kwa bisibisi ya cherehani, akakuta ndani kibao cha kijani chenye mistari myembamba inayokwenda mahali na kurudi, wala hakuna kinachosogea. Cherehani ukiifungua unaona kinachofanya kazi. Hiki hakikuonyesha kitu, na bado kilijua saba mara nane. Alikifunga, skrubu moja ikabaki mkononi, na kikokotoo kikaendelea kufanya kazi bila hiyo skrubu. Hilo nalo lilimchanganya.

Basi alipopata nafasi ya chuo kikuu kusoma kompyuta, mtaa mzima ulisema mwenye swali ameenda kwenye jibu. Fundi hakuvunja mtu moyo. Kila mteja aliyesimama apimwe alielezwa, mikono ikiwa imeinuliwa hewani, kwamba binti wa nyumba hii anasomea kompyuta.

Darasa la kwanza lilikuwa ukumbi mkubwa wenye viti vinavyopanda kama ngazi. Mhadhiri, mtu mwembamba mwenye sauti ya kuchoka, aliwataka wasimame mmoja mmoja waseme wanapenda nini na wamefikaje pale. Mmoja alisema ametengeneza michezo ya simu. Mwingine alisema ana tovuti tangu sekondari. Msichana aliyekaa jirani na Mbona, ambaye baadaye wakawa chumba kimoja na Mbona akambandika jina la Makamu kwa jinsi anavyotoa amri kama makamu mkuu wa chuo, alisema anapenda akili za mashine. Zamu ya Mbona ilipofika alisimama, akafikiria kibobini, akafikiria skrubu, akaona havifai kusemwa mbele ya watu.

"Napenda kujua," alisema.

"Kujua nini?"

"Bado sijajua."

Walicheka, ila kwa wema. Kicheko chenyewe kilikuja wiki iliyofuata. Mhadhiri aliandika orodha ya vitu ubaoni, akasema kitu cha kwanza katika orodha namba yake ni sifuri. Kalamu zote zikaandika sifuri. Mkono mmoja ukapanda.

"Mbona tunaanzia sifuri na kitu kipo?"

Ukumbi uliangua kicheko. Kuna aliyepiga meza. Mhadhiri alitazama saa yake, akasema, "Ndivyo ilivyo. Tusonge mbele."

Walisonga. Mbona alibaki pale. Siku zile zilizofuata kila kitu kilijengwa juu ya ile sifuri, ghorofa juu ya ghorofa, na yeye alikuwa bado chini anatafuta mlango. Aliandika programu, zikakataa. Akanakili za Makamu, zikakubali, na hakujua kwa nini zile zimekataa wala kwa nini hizi zimekubali. Mkono wake haukupanda tena.

"Wewe unafikiri sana," Makamu alimwambia chumbani, anachana nywele. "Kariri kwanza, utaelewa ukishaajiriwa."

"Na nisipoelewa?"

"Utakuwa bosi."

Wiki moja baada ya likizo, dirisha la kubadilisha kozi lingefungwa. Aliyetaka kuhama angehama kabla ya hapo au angebaki mpaka mwisho. Mbona alikuwa ameamua nusu. Angehamia ualimu, akafundishe watoto wadogo, ambao angalau wakiuliza hawachekwi. Nusu ya pili hakuipata. Kila akijiambia haipendi kompyuta, kile kibao cha kijani kilimrudia kichwani. Kila akijiambia anaipenda, alisikia ukumbi ukicheka. Mtu anajuaje anachokipenda? Pengine alichopenda ni baba yake akiwasimulia wateja habari zake.

Alirudi nyumbani na vitu viwili. Cha kwanza kilikuwa zawadi: futi mpya ya kupimia, utepe wa njano unaong'aa, kwa sababu baba alimlalamikia kwenye simu kwamba yake imechakaa. Cha pili kilikuwa zoezi la mhadhiri. Kila mwanafunzi achague kazi moja inayofanyika kwao, aandike hatua zake kwa namna ambayo asiyejua lolote atazifuata bila kuuliza. "Mashine haina 'unajua mwenyewe'," mhadhiri alisema. "Usichokiandika, hakipo."

Yeye alichagua kupima koti. Na bahati ilimletea watu wa kupimwa, kwani asubuhi ya pili bendi nzima ya matarumbeta ilimiminika kibarazani. Walikuwa wanataka makoti mekundu ya sherehe ya kufungua soko jipya, ambayo ilikuwa karibu. Kiongozi wao alikuwa mtu wa mwili, mpulizaji wa tarumbeta lile kubwa linalomzunguka mtu kiunoni kama chatu.

"Fundi, nipime nikiwa nimevuta pumzi," alisema. "Mimi nikiivuta nakuwa mtu mwingine."

"Hata ukiitoa yote, tumbo linabaki na wewe," akasema mpiga ngoma.

"Tumbo hili ndilo linalokulisha, we mpiga debe."

Fundi alivaa ile futi mpya shingoni kama medali. Akaanza kupima, akataja namba kwa sauti, mkewe akaziandika bila kuinua kichwa. Mbona, aliyekitoa kigoda chake nje, aliandika hatua. Zungusha futi kifuani, chini ya kwapa. Ingiza vidole viwili kati ya futi na mwili. Soma namba iliyoguswa na ncha.

Hapo kalamu ilisita. Ncha ya futi iligusa arobaini na sita. Fundi akataja arobaini na tano.

Alidhani macho yamemdanganya. Akasogeza kigoda. Kwa mpiga ngoma ncha iligusa thelathini na nane, Fundi akataja thelathini na saba. Mkono ulikuwa ishirini na tano, ukatajwa ishirini na nne. Kila mtu, kila mahali, Fundi alipunguza moja, bila kufikiri, kama mtu anayepangusa vumbi.

Mbona akafungua mdomo.

Kibaraza kilikuwa kimejaa wanaume wanaotaniana, na alichokisikia masikioni ni ule ukumbi. Akaufunga. Halafu likamjia wazo lililomtoa jasho la furaha na la aibu kwa pamoja. Kumbe hata baba huanzia sifuri! Inchi ya kwanza haiihesabu. Kumbe ndivyo watu wanavyohesabu wakishakuwa wataalamu, kila mahali, kwenye vitambaa na kwenye mashine, na ni yeye peke yake aliyekuwa hajui. Akaandika: toa moja, ndipo utaje. Alipiga mstari chini yake. Ilikuwa mara ya kwanza tangu aende chuo kuandika hatua ambayo alidhani ameielewa.

Fundi alikata jora zima, akashona yeye na mkewe siku kadhaa, mchana kutwa. Mbona alikunja pindo na kupiga pasi. Likizo ilipokaribia kuisha bendi ilikuja kujaribu.

Kiongozi aliingiza mkono wa kwanza, akaingiza wa pili, koti likasimama mgongoni kama mlango uliokwama. Mpulizaji wa tromboni alivuta ile fimbo yake, mkono wa koti ukakimbilia kwenye kiwiko. Mpiga ngoma alifunga kifungo, kifungo kikaruka kikaanguka kwenye ndoo ya maji ya pasi.

"Fundi," kiongozi akasema, hawezi kugeuka, "ulinipima mimi au ulimpima mwanangu?"

"Umenenepa."

"Wote tumenenepa? Bendi nzima? Tumekula nini, nyuki?"

Fundi alikilaumu kitambaa, akasema kimesinyaa kwa mvuke. Kitambaa kikapimwa, hakijasinyaa. Akamgeukia mkewe: tano zako na nne zako zinafanana. Mama Mbona aliweka sindano chini.

"Baba Mbona, mimi naandika unachosema. Ukisema nne naandika nne. Ungesema tembo ningeandika tembo."

Wanaume walicheka, ila Fundi hakucheka. Alikuwa ameshika koti jekundu mikono miwili, na uso wake ulikuwa umebadilika. Hakuna aliyewahi kuirudishia nyumba hii nguo kwa kosa la kipimo. Soko jipya lingefunguliwa mbele ya mtaa mzima, na mtaa mzima ungejua koti limekatwa na nani.

Mbona alikwenda kuleta karatasi yake. Hakujua ni kwa nini anaileta. Alidhani labda kuna hatua imerukwa.

Fundi alisoma, midomo ikitembea. Akafika kwenye mstari uliopigwa mstari.

"Nani amekwambia utoe moja?"

"Wewe, Baba. Kila ulipopima ulitoa moja."

"Mimi?"

"Ulisoma arobaini na sita ukasema arobaini na tano."

Mama Mbona ndiye aliyetazama ukutani kwanza, kwenye msumari ilikoning'inia ile futi ya zamani. Ncha yake ilikuwa imeungua. Mbona alipoondoka tu kwenda chuo, pasi ilisahaulika juu yake ikala inchi nzima ya mwanzo, na Fundi, asiyependa kutupa kitu, aliendelea kuitumia kuanzia penye moja. Kila namba aliyoisoma ilikuwa imezidi kwa inchi ile isiyokuwepo, kwa hiyo aliipunguza. Muhula mzima alipunguza. Ikaja futi mpya, nzima, yenye inchi zake zote, na ulimi wa Fundi haukupewa taarifa.

Aliketi. Akavua miwani, akaipangusa na kipande cha kitambaa chekundu.

"Kwa hiyo uliona," akamwambia bintiye.

"Niliona."

"Na wewe, Mbona, wewe ambaye ulinisumbua mwezi mzima kwa ajili ya kibobini, uliona ukanyamaza?"

"Nilidhani ndivyo ilivyo."

"Nani alikufundisha kudhani?"

Mbona alijua amefundishwa wapi, lakini chuo kizima hakiwezi kuitwa kibarazani kijibu. Kiongozi wa bendi, bado amefungwa ndani ya koti, alikohoa kwa adabu.

"Mkimaliza ya familia, kuna mtu anisaidie kutoka humu."

Walifumua. Fundi huacha akiba nene ya kitambaa kwenye mishono ya ubavuni, na akiba hiyo ndiyo iliyomstiri. Vifua vilipanuka, pindo za mikono zikashuka. Mabega hayakuwa na akiba, yakabaki yalivyo. Bendi ilikubali kupiga huku imeinua mabega kidogo, kama watu wanaosikia baridi.

Mbona na baba yake walifumua makoti ya mwisho wawili tu, mama akiwa amekwenda kwa shangazi. Nyuzi nyekundu zilikuwa zimejaa magotini mwao.

"Baba, nataka kuhama kozi."

Wembe wa kufumulia ulisimama, kisha ukaendelea.

"Huipendi au huielewi?"

"Sijui tofauti yake."

Fundi alifikiri. Alikuwa amewatangazia wateja wote, na kila mmoja wao angeuliza.

"Hata mimi sijui," akasema mwishowe. "Mimi mwanzoni nilipenda ile kelele ya cherehani. Kushona kwenyewe kulinichukua muda. Hadi leo kuna siku siipendi kazi hii." Akakata uzi kwa meno. "Lakini hiyo karatasi yako. Mimi nimepima watu miaka yote, mwenyewe sijawahi kujiona. Umeniandika hadi kosa langu. Hiyo inaitwa nini huko kwenu?"

"Sijui, Baba."

"Kaulize basi. Ukishajua, hama au usihame. Mimi nitawaambia wateja chochote."

Chuoni Mbona aliipeleka karatasi kwa mhadhiri, na chini yake aliongeza habari ya futi iliyoungua. Mhadhiri aliisoma akiwa amesimama, kisha akaketi. Ofisi yake ilikuwa nyembamba kama yeye, yenye mashine kuukuu zilizofunguliwa matumbo.

"Mbona, sivyo?" alisema. "Wewe ndiye uliyeuliza habari ya sifuri."

"Ndimi."

"Siku ile nilikuwa nimechelewa. Hebu tazama." Akachora mstari. "Namba ile haihesabu vitu. Inasema umetembea kiasi gani kutoka mwanzo. Kitu cha kwanza kiko mwanzoni, hujatembea. Ndiyo sifuri. Ncha ya futi ya baba yako, ile nzima, imeandikwa nini?"

"Haijaandikwa kitu."

"Basi hiyo ndiyo sifuri."

Mbona akamwuliza kama hii kazi aliyoifanya, ya kuona mkono unafanya nini na mdomo unasema nini, ndiyo kompyuta yenyewe au ni kitu kingine. Mhadhiri alikuna kidevu.

"Wapo watakaokwambia ndiyo. Wapo watakaokwambia hiyo ni porojo, kompyuta ni hesabu. Mimi hubadilika kutegemea siku."

Alitoka akiwa ameielewa sifuri. Kwenye ngazi bado alikuwa nayo. Alipofika getini ilikuwa imemponyoka, akabaki na ule mstari tu na futi isiyoandikwa kitu, na hakujua kama hicho alichonacho ni kuelewa au ni kukumbuka.

Siku ya mwisho ya dirisha alikwenda kupanga foleni. Makamu alimsindikiza, akamwamuru asilie. Karani alikuwa mama wa makamo aliyewashinda wanafunzi wengi kwa kutazama tu.

"Unatoka wapi, unakwenda wapi?"

"Kutoka kompyuta, kwenda ualimu."

"Sababu?"

Mbona alitafuta. Alikuwa na sababu njia nzima, ilikuwa imekaa vizuri kichwani, na sasa ilionekana kama namba ya mtu mwingine.

"Sielewi," alisema.

"Huelewi masomo?"

"Masomo siyaelewi. Na sielewi kwa nini yananikaa kichwani hivyo. Shikamoo, samahani, sikukuamkia."

"Marahaba. Binti, hiyo si sababu ya kuhama wala ya kubaki. Nyuma yako kuna watu."

Aligeuka kuwatazama. Kijana aliyemfuata alikuwa na koti lenye mkono mmoja mrefu kuliko mwingine, na Mbona akajikuta anawaza aliyepima alianzia wapi, na kwa nini mkono mmoja tu, na kama mashine ingepewa hatua zilezile ingekosea mikono yote miwili au hata mmoja isingekosea. Akataka kujua. Karani alimwita tena, naye akasema asante, mama, mwingine aje, akatoka kwenye foleni akiwa hajaamua kitu, na kengele ya kufunga dirisha ikalia akiwa ameketi kwenye ngazi za maabara.

"Kwa hiyo umebaki," Makamu akasema.

"Sijui kama nimebaki. Sijaondoka."

Sasa yuko mwaka wa pili, idara ileile ya kompyuta. Somo la hesabu alilifeli, analirudia pamoja na wanafunzi wapya, na saa za mchana hupatikana maabara, meza ya karibu na mlango, anauliza tena.